Mikve baada ya ugonjwa au msiba: mwongozo kamili wa kujizamisha bila kurudishwa mlangoni

Kosa ni lilelile kila mara. Mtu amemaliza tiba ya saratani, au mimba imetoka, au ametoka kwenye ndoa iliyomvunja. Anaamua kwenda mikve, birika la Kiyahudi la kujizamishia, ili aanze ukurasa mpya. Anafika na machozi na sala zake zote, lakini kucha zina rangi, kichwani kuna rasta na kidole kina plasta. Msimamizi anamwomba arudi siku nyingine, naye anaondoka akidhani hata maji yamemkataa.

Maji hayakumkataa. Sehemu kubwa ya kujizamisha hufanyika bafuni, kabla mguu haujagusa ngazi ya kwanza, na yeye hakuna aliyemwambia.

Mwongozo huu ni kwa Wayahudi, kwa walio katika safari ya kuongoka na kuwa Wayahudi, na kwa wanaowasindikiza. Tumeuandika kwa Kiswahili kwa sababu wasomaji wapo: Kenya kuna jamii ya Kasuku karibu na Nyahururu, Uganda wako Abayudaya wa upande wa Mbale, ambao mamia yao walizamishwa mbele ya baraza la marabi, yaani viongozi wa dini ya Kiyahudi, mwaka 2002, na wako Waafrika Mashariki walioolewa au kuoa katika familia za Kiyahudi ughaibuni.

## Yaelewe haya kwanza

Mikve si bafu. Unaingia ukiwa msafi tayari. Aliyelelewa katika Uislamu atakumbuka josho la janaba, na aliyelelewa kanisani atakumbuka ubatizo wa maji mengi. Kwa macho vinafanana, lakini sheria ni nyingine. Hapa humiminiwi maji: mwili mzima na kila unywele vinafunikwa kwa wakati mmoja.

Mikve si dawa. Haipunguzi uvimbe, haizuii mimba nyingine isitoke, haichukui nafasi ya kidonge hata kimoja. Maimonides, mwanazuoni wa karne ya 12 ambaye mwenyewe alikuwa tabibu, alifunga sheria zake za mikve kwa kusema kwamba mwilini mwa anayezama hakuna kinachobadilika. Kinachohesabiwa ni moyo uliokusudia. Tunasema haya kwa mkazo kwa sababu tunaogopa mtu ataacha kliniki. Uponyaji unaotafutwa hapa ni ule unaobaki baada ya daktari kumaliza kazi yake: mtu kuurudia mwili aliokuwa ameanza kuuogopa.

Mzamo huu si wa faradhi. Mke anayezama baada ya siku zake na zile siku saba safi, zisizo na damu, anatimiza amri, na anayeongoka vilevile. Anayezama baada ya ugonjwa anafuata desturi na hiari yake. Tofauti hiyo itarudi kwenye suala la plasta na kwenye suala la baraka, kwa hiyo ikumbuke. Kumbuka pia kwamba mke anayedaiwa mzamo wa hedhi hawezi kuulipa kwa mzamo huu wa uponyaji. Hayo ni mambo mawili, kila moja na taratibu zake.

## Vitu vya kuandaa

- Kitana cha meno mapana na kingine cha meno membamba
- Kikata kucha, na kijiti cha mti cha kusafishia chini ya kucha
- Asetoni na pamba
- Sabuni isiyoacha utelezi na shampuu ya kawaida, bila kondishena
- Mswaki, uzi wa kusafishia meno, vijiti vya pamba vya masikio
- Mafuta ya nazi kidogo, ya kulainishia gundi ya plasta au ya kope za bandia
- Kioo, na taa nzuri kama bafu lina giza
- Taulo mbili, kanga au kitambaa cheupe, ndala
- Sala yako imeandikwa kwa herufi kubwa na kutiwa ndani ya nailoni
- Kwa wanaokwenda baharini: dera pana la pamba, na viatu vya maji vinavyovuka kwa urahisi
- Mtu mmoja mzima wa jinsia yako, anayejua la kuangalia

Huyo wa mwisho usimwache nyumbani. Hakuna ajuaye kama unywele wake umebaki juu ya maji, maana wakati huo kichwa chake kiko chini.

## Hatua ya 1: Pata ruhusa mbili

Ya kwanza ni ya daktari. Muulize waziwazi: "Naweza kuzamisha mwili wote, pamoja na kichwa, katika maji yanayotumiwa na watu wengi?" Ukimuuliza tu kama unaweza kuoga atakujibu ndiyo, na hilo si swali lenyewe.

Subiri kama una lolote kati ya haya: mrija wa dawa unaoning'inia nje ya ngozi, nyuzi za upasuaji au kidonda kilicho wazi, chembe nyeupe za damu zilizoshushwa na kemo (dawa za saratani), ngozi iliyoungua kwa mionzi, au damu inayoendelea kutoka baada ya mimba kutoka au kujifungua. Mwenye kifafa au kizunguzungu hatumwambii asiende, ila msaidizi wake asimame ndani ya maji pamoja naye, si kando. Mjamzito aulize joto la maji, kwa kuwa mikve nyingi hupashwa moto.

Ruhusa ya pili ni ya rabi au msimamizi wa mikve. Piga simu kabla ya kwenda, na useme wazi kwamba huji kwa ajili ya hedhi. Mikve nyingi za Kiorthodoksi, yaani za Wayahudi wanaoshika sheria kwa ukali, hazipokei mwanamke asiyeolewa, na nyingine zimetengewa wake na waongofu tu. Ni afadhali uyasikie hayo kwenye simu kuliko mlangoni. Zipo pia mikve zilizojengwa mahsusi kwa kupokea watu wenye haja kama yako. Inayojulikana zaidi ni Mayyim Hayyim iliyoko Newton, Massachusetts, iliyoanzishwa na mwandishi Anita Diamant na kufunguliwa mwaka 2004. Huko wana visomo kwa aliyemaliza kemo, aliyefiwa, aliyepewa talaka, aliyepoteza mimba.

Umefaulu ikiwa una siku, saa na jina la atakayekupokea, na daktari hakusita.

## Hatua ya 2: Chagua maji yanayokubalika

Hapa ndipo tunapopokea maswali mengi kuliko mahali pengine, basi tukae kidogo.

Maji ya mikve lazima yawe yamejikusanya yenyewe: mvua, chemchemi, barafu iliyoyeyuka, bahari. Maji yaliyotekwa kwa chombo hayafai kuanzishia. Kipimo cha chini ni sea 40, kipimo cha kale ambacho wanazuoni wanakihesabu kati ya takriban lita 330 na lita 575 kutegemea nani anapima. Wajenzi wa leo huzidisha ili wasiwe na shaka.

Mikve za mjini zina hodhi mbili. Moja ina maji ya mvua na haiguswi. Ya pili, unayoingia, ina maji ya bomba yanayobadilishwa na kutiwa klorini. Kati yake kuna tundu lenye upana wa kama sentimita 5. Maji yakigusana hapo, ya bomba yanachukua hadhi ya yale ya mvua. Kwa hiyo harufu ya klorini isikutie wasiwasi.

Tangi la plastiki la maji ya mvua halifai. Tunajua lipo uani kwako, tunajua linachukua lita 5,000, tunajua maji yaliingia yenyewe kutoka kwenye bati. Tatizo ni tangi lenyewe. Hicho ni chombo, na maji yaliyokaa ndani ya chombo yanahesabiwa kuwa yametekwa hata yawe mengi kiasi gani. Mikve hujengwa ikawa sehemu ya ardhi au ya jengo. Beseni, pipa na bafu la kulala vinaanguka kwa sababu hiyohiyo. Bwawa la hoteli nalo usilitegemee.

Bahari inafaa, na kwa anayeishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja ndiyo mikve iliyo karibu kuliko zote. Lakini soma maji kabla ya kuyaingia. Wengi hupenda kuzama Rosh Hodesh, mwandamo wa mwezi, kwa sababu ni siku ya upya. Mwandamo huohuo ndio bamvua. Maji hujaa sana, hupwa sana, na mkondo una nguvu. Ukifika wakati wa kupwa, pengine utatembea robo saa kwenye matope na matumbawe kabla ya kupata kina. Kama unaweza kuchagua, nenda siku za maji mafu, asubuhi kabla ya upepo kuamka, maji yakiwa yamekaribia kujaa. Kama moyo wako uko kwenye Rosh Hodesh, fuata jedwali la maji na uende na mtu anayeijua pwani hiyo.

Ziwa na mto vinataka tahadhari mbili. Ya kwanza ni ya sheria: mto uliovimba kwa mvua una shaka, kwa kuwa maji ya mvua hutakasa yakiwa yametuama, hayatakasi yakiwa yanatiririka. Muulize rabi kuhusu mto wenu, na mtajie msimu. Ya pili ni ya mwili: kingo za Ziwa Victoria na mito ya taratibu zina kichocho, na baadhi yake zina mamba na viboko. Mtu aliyetoka kwenye kemo asipelekwe huko. Tunalisema bila kulainisha.

Umefaulu ikiwa maji yanafika angalau shibiri moja juu ya kitovu chako ukiwa umesimama wima. Pungufu ya hapo itabidi ujikunje, na mwili uliokunjika unaficha ngozi.

## Hatua ya 3: Panga siku

Mzamo wa hiari hufanywa mchana au usiku. Epuka Sabato, Yom Kippur (Siku ya Upatanisho) na Tisha B'Av (siku ya kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu). Wengi huchagua siku ya majibu mazuri ya vipimo, mwisho wa mwaka wa maombolezo, au mwezi wa Eluli kabla ya mwaka mpya wa Kiyahudi.

Ushauri wetu ni huu: usiipange siku uliyotoka kwenye sindano ya mwisho. Mwili umechoka, na utayakimbiza maandalizi. Ngoja wiki chache. Kwa msiba pia, usiende ndani ya zile siku saba za kukaa matanga.

Usiku wa kuamkia siku hiyo fungua nywele zilizosukwa. Rasta hazifunguki kwa nusu saa, na ndizo zinazowachelewesha watu wengi kupita kiasi.

## Hatua ya 4: Ondoa vizuizi

Kizuizi huitwa *hatzitza*: chochote kinachokaa kati ya maji na mwili. Kanuni ni mbili. Kinachofunika sehemu kubwa ya mwili na ambacho mwenyewe hukitaki kinabatilisha mzamo kwa Torati yenyewe. Kilicho kidogo lakini hukitaki, au kikubwa lakini hakikusumbui, wanazuoni wamekizuia. Msimamizi hataki kusimama akipima, ndiyo maana anaomba vyote vitoke.

Anzia juu ushuke chini, usiruke.

Nywele. Wigi, wivingi, rasta na hata twende kilioni vinafunguliwa. Nywele lazima zipokee maji hadi kwenye ngozi ya kichwa. Mwenye dredi za kudumu aulize rabi mapema. Jibu linategemea kama maji yanapita na kama anakusudia kuzikata. Aliyepoteza nywele kwa dawa hana la kufanya hapa, zaidi ya kuvua kilemba.

Uso. Wanja, poda, rangi ya midomo, kope za bandia na lenzi za macho vinatoka. Gundi ya kope isugue kwa mafuta ya nazi, kisha mafuta yenyewe uyaoshe kwa sabuni mpaka ngozi ikwaruze chini ya kidole. Mafuta yaliyobaki ni kizuizi kipya.

Mdomo. Piga mswaki, pitisha uzi. Meno ya kuvua yavuliwe. Jino lililozibwa moja kwa moja halina neno. Lililozibwa kwa muda, uliza. Desturi ya wengi ni kutokula nyama siku hiyo, kwa kuwa nyuzi zake hukwama kwenye meno.

Mapambo. Hereni, kipini, pete, saa, kikuku, na shanga za kiunoni. Shanga husahaulika kwa sababu mwenyewe ameshazizoea kama ngozi. Pete isiyotoka, jaribu kwa sabuni na maji baridi.

Kucha. Rangi inatoka yote, hata ile isiyo na rangi. Za bandia zinatoka. Wengi huzikata fupi kabisa. Kisha chukua kile kijiti, kaa chini ya taa, pitisha kidole kimoja baada ya kingine. Kama jana ulikanda unga, utauona: mstari mweupe mwembamba umekaukia pembeni, pale kucha inapozama ndani ya nyama. Mstari huo ndio unaotafutwa.

Hina. Swali hili huulizwa sana pwani. Hina ni rangi iliyozama ndani ya ngozi na haina unene, hivyo si kizuizi, na hata vitabu vya sheria vya kale vinairuhusu rangi ya mikono. Kinachozuia ni tope lake likiwa bado limegandamana, au piko inayobanduka vipande. Nywele zilizotiwa rangi nazo hazina tatizo.

Ngozi. Vigaga vilivyo tayari kutoka vilainishwe kwa maji moto. Visivyo tayari usivichune mpaka damu itoke. Sugu na magaga ya miguu ni mwili wako, suuza tu.

Vitu vya hospitali. Kifaa cha dawa kilichopandikizwa chini ya ngozi si kizuizi. Plasta inatoka pamoja na alama ya gundi inayobaki, ile pembe nne ya kijivu. Kama daktari amekataza kuitoa, mzamo wa faradhi ungesubiri au ungeamuliwa na rabi. Wako ni wa hiari, na marabi wengi watakuwa na nafasi zaidi ya kukukubalia. Mfuko wa choo tumboni na plasta ngumu ya mfupa viende kwa rabi na daktari pamoja.

Umefaulu ikiwa msaidizi wako amepitisha macho kichwa mpaka nyayo, mbele na nyuma, bila kuuliza "na hiki je?"

## Hatua ya 5: Oga na uchane

Tenga saa nzima. Oga kwa maji ya moto kila mahali, hasa nyuma ya masikio, kwapani, chini ya matiti, kitovuni, katikati ya vidole vya miguu. Kitovu kisafishe kwa kijiti cha pamba chenye maji. Nenda haja, ndogo na kubwa.

Chana nywele zikiwa mbichi: kwanza meno mapana, kisha membamba. Nywele za kipilipili zichane fungu kwa fungu kuanzia nchani ili zisikatike. Lengo si kuzinyoosha; ni kufungua mafundo. Kondishena usiguse, kwani huacha utando, na utando ndio tuliokuwa tunaukimbia.

Ukimaliza usijipake losheni wala mafuta. Mkono wa mtu aliyezoea kujipaka hufikia chupa wenyewe, kwa hiyo ifiche.

Umefaulu ikiwa kitana cha meno membamba kinapita bila kukwama, na ngozi iko kavu isiyong'aa.

## Hatua ya 6: Weka nia

Kaa dakika chache ukiwa umejifunga taulo. Usijilazimishe kulia, wala usijilazimishe kushukuru.

Sema kwa sauti, kwa lugha unayootea ndoto, mambo mawili: unachokiacha na unachokiendea. Yawe mafupi. "Naacha mwaka wa hospitali. Naingia kwenye mwili huu kama ulivyo." Aliyepoteza mtoto hana haja ya kusema anamwacha, na asiruhusu yeyote amwekee maneno hayo mdomoni. Anaweza kusema tu kwamba amechoka.

Wanaotaka maneno ya Maandiko wana mengi. Musa alimwombea Miriamu kwa maneno matano ya Kiebrania, *El na refa na la*: Mungu, nakusihi, mponye, nakusihi. Yeremia 17:13 inamwita Mungu *mikve* ya Israeli, neno ambalo kwa Kiebrania ni birika la maji na pia ni tumaini. Na Naamani alijichovya Yordani mara saba baada ya kukasirika kwamba ameagizwa jambo dogo mno.

## Hatua ya 7: Shuka, zama

Mikve ya ndani huwa na ngazi na reli ya kushika. Msimamizi atakuangalia mgongo kama kuna unywele uliodondoka na kuganda, kisha atageuza uso au kuinua shuka unaposhuka. Aliyewahi kudhulumiwa kimwili amwambie mapema jinsi anavyotaka: msimamizi anatakiwa kutazama kwa nukta ile moja tu ambayo kichwa kiko chini.

1. Shuka polepole. Kila ngazi, subiri pumzi moja. Miguu ya mtu aliyeugua huteleza.
2. Simama katikati, mbali na kuta. Lowesha mikono yako ndani ya maji. Ukimhitaji msaidizi wa kukushika, naye atie mikono yake majini kwanza, asikukaze, ili maji yapite kati yenu.
3. Achanisha miguu kidogo, inama kiasi. Vitabu vya kale vinalinganisha na mikono ya mwanamke anayekanda unga na kifua cha anayenyonyesha. Mfano huo haujapata mbadala: viwiko mbali na mbavu, vidole vimeachana, titi limeachana na kifua.
4. Vuta pumzi ya kawaida. Ukijaza mapafu utaelea kama boya.
5. Fumba macho bila kuyakaza. Funga midomo bila kuibana. Ukikaza, mikunjo inaficha ngozi.
6. Jiachie chini, magoti yakikunjika, mpaka uhisi maji yamefunga juu ya kichwa. Inua nyayo mara moja kutoka sakafuni.
7. Baki sekunde mbili au tatu. Inuka.

Msaidizi anatazama sehemu moja tu: juu kabisa ya utosi. Nywele ndefu hufika mwisho. Mwili umeshazama, na pale juu bado kuna unywele mmoja umelala juu ya maji kama uzi wa buibui, ukizunguka. Ukionekana, mzamo huo haukuhesabika. Msaidizi anasema "tena" kwa upole, nawe unarudia. Ukiwa sawa anatamka "Kosheri!", yaani umekubalika, kwa sauti ya kusikika, maana masikio yako yamejaa maji.

Sheria inahitaji mzamo mmoja kamili. Wengi huzama mara tatu, wengine saba. Kwa uponyaji tunapendelea tatu: wa kwanza mtu anahangaika na nywele, wa pili anahangaika na pumzi, wa tatu ndio anaoupata.

Baharini mambo manne yanabadilika. Vaa dera pana lisilobana, kwa sababu maji yanaingia na kuzunguka. Nguo ya kuogelea inayokaza haifai. Simama kwenye mchanga, si kwenye tope linaloshika miguu, na vua viatu kabla ya kuzama. Geuka ubavu kwa wimbi, zama kati ya wimbi na wimbi. Na msaidizi awe ndani ya maji, umbali wa mkono.

Usiende peke yako. Hata kama wewe ni mwogeleaji wa kuvuka mlango wa bahari.

## Hatua ya 8: Baraka au sala?

Aliye kwenye mzamo wa faradhi husema: *Baruch ata Adonai, Eloheinu melech haolam, asher kideshanu bemitzvotav vetzivanu al hatevila*, yaani aliyetutakasa kwa amri zake na kutuamuru kuhusu kuzama. Waashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) husema baada ya mzamo wa kwanza kisha huzama tena. Wasefaradi (wenye asili ya Hispania) wengi husema kabla.

Wako haukuamriwa. Kwa msimamo wa Kiorthodoksi ukisema "akatuamuru" unalitaja Jina bure, kwa hiyo unaiacha baraka na kusoma zaburi au sala yako. Katika mikve za mrengo wa wazi, marabi wengine huiruhusu. Fuata rabi wako, na lijue jibu kabla hujalowa.

Unaposema chochote kitakatifu majini, kunja mikono chini ya moyo na utazame juu, usitazame mwili wako ndani ya maji. Ile karatasi ya nailoni msaidizi anaishika pembeni.

## Yanayoharibika mara nyingi

"Nashindwa kuzama, naelea." Toa pumzi kidogo puani ukiwa unashuka. Usiruke wala kujitupa. Maji yanayoruka hukufumbisha kila kitu.

"Nilipata hofu chini ya maji." Toka, kaa kwenye ngazi, maji yakiwa kiunoni. Jaribu uso tu kwanza. Ikishindikana leo, funga kanga urudi nyumbani. Huna deni.

"Nilipofika nyumbani nikakuta plasta mgongoni." Kwa mzamo wa faradhi, mpigie rabi usiku huohuo. Kwa wako, ukitaka rudia. Usijihesabie dhambi.

"Nilianza kutokwa damu asubuhi." Ahirisha.

"Sikuhisi lolote." Ni kawaida, hasa kwa waliougua muda mrefu na kuzoea kuutoka mwili wao wanapoguswa. Kuhisi si sharti la mzamo.

## Hatua ya 9: Kutoka

Msaidizi akupokee na taulo iliyofunguliwa kabla hujafika ngazi ya juu, kwa kuwa baridi huingia haraka kwa mwili uliokonda. Mgonjwa wa moyo au presha akae kwanza, asivae akiwa amesimama. Chai ya moto iwe tayari kwenye chupa. Chumvi ya bahari ioshe ukifika nyumbani.

Aliyepona ugonjwa mzito ana baraka nyingine ya kudai, nayo haisemwi mikveni. Ni *birkat hagomel*, husemwa mbele ya watu kumi, kwa kawaida wakati Torati inaposomwa sinagogi: *hagomel lechayavim tovot, shegemalani kol tov*, awatendeaye mema hata wasiostahili, aliyenitendea mema yote. Mwambie rabi kabla ya ibada kuanza ili akuite. Ukimaliza, usikimbilie kukaa. Simama hapohapo, kwa sababu watu wale kumi wana jibu lao, na jibu hilo wanakuelekezea wewe.